Beji ya bendera ikishakuwa amri, inasema nini tena?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyependekeza kwamba kila mtumishi wa umma avae beji ya bendera ya taifa siku zote za kazi, na asiyevaa "ajieleze". Sina shaka pendekezo limetoka moyoni. Ila nilipofika kwenye hilo neno "ajieleze", nikaona sitalala bila kuandika.

Niseme mapema kwamba mimi si adui wa beji. Ninayo moja, rangi imeanza kubanduka pembeni, na huivaa siku nikijisikia: timu ya taifa imeshinda, au kuna msiba mkubwa na mimi nataka ijulikane kuwa nimo. Anayeiona anaelewa kwamba nimeamka asubuhi nikaamua. Siku itakapokuwa amri, beji ile ile itasema jambo moja tu, kwamba nimesoma waraka.

Marekani wameyapitia haya hadharani. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, beji ya bendera ilienea kwenye makoti ya wanasiasa hadi ikawa kama kifungo cha koti lenyewe. Oktoba 2007 Barack Obama, wakati huo seneta anayewania urais, aliulizwa kwa nini yeye havai. Akajibu kwamba beji imegeuka kuwa mbadala wa uzalendo wa kweli, na kwamba yeye atauonyesha wake kwa kusema wazi anayoyaamini kuhusu nchi. Kwangu mimi lilikuwa jibu la mtu mzima. Nalo lilimponza. Aprili 2008, katika mdahalo wa televisheni mjini Philadelphia, bado alikuwa anaulizwa habari ya beji, nchi ikiwa na vita viwili na uchumi unayumba. Haikupita muda beji ikarudi kwenye ukosi wa koti, na alipoingia Ikulu akawa haonekani bila hiyo. Mapenzi yake kwa nchi hayakuongezeka kati ya Oktoba na Mei. Alichofanya ni kuhesabu kura, kama ambavyo mwanasiasa yeyote mwenye akili angefanya.

Kinachochekesha ni kwamba kanuni zao za bendera, zilizopitishwa na Bunge lao mwaka 1942, zinasema bendera isitumike kamwe kama vazi. Beji inaruhusiwa, ikae upande wa kushoto karibu na moyo. Lakini njoo Julai 4 uone fulana, kaptula na kofia zenye nyota na milia, na wavaaji ndio wanaojiona wazalendo kupita wote! Hawakamatwi, maana kanuni hizo hazina adhabu. Abbie Hoffman, mpinzani wa vita vya Vietnam, yeye alikamatwa Washington mwaka 1968 kwa kuvaa shati la bendera, kwa sheria nyingine. Kule Massachusetts kijana mmoja aliyeshona kibendera kwenye makalio ya suruali alihukumiwa kifungo cha miezi sita, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 1974 iliona sheria iliyomtia hatiani haieleweki inakataza nini hasa. Kitambaa ni kile kile na rangi ni zile zile. Watu walikuwa wanamtazama aliyevaa, wanaamua kama wanampenda au hawampendi, kisha wanasingizia bendera.

Wahindi angalau wamejaribu kuchora mstari. Mwaka 2005 walirekebisha sheria yao, bendera ikaruhusiwa kwenye mavazi ilimradi isishuke chini ya kiuno, na isiwe kwenye nguo za ndani, mito wala leso. Unaweza kucheka kiuno kuwa mpaka wa heshima, lakini sheria ya namna hiyo inamwambia mtu aivaeje akitaka kuivaa. Haimwambii lazima aivae.

Mfano unaonikaa rohoni zaidi ni wa Zimbabwe. Aprili 2016 mchungaji Evan Mawarire alijirekodi video ofisini kwake, bendera imening'inia shingoni kama skafu. Akaanza kuzitaja rangi moja moja: kijani cha mimea, njano ya madini, nyekundu ya damu iliyomwagwa, nyeusi ya watu wenyewe. Kila rangi akauliza, hiki kinachosemwa hapa kiko wapi? Mimea inaota wapi, madini yanamnufaisha nani? Video ikaenea, watu wakaanza kujitanda bendera mitaani, na serikali iliyozoea kuiona bendera juu ya milingoti yake ikaingiwa na baridi. Julai mwaka huo huo alikamatwa. Alipofikishwa mahakamani Harare, umati ulimsubiri nje, bendera mabegani. Mwaka 2017 mahakama ikamwona hana hatia.

Sasa nimuulize mwandishi wa pendekezo: kwa kipimo chake, mchungaji yule alikuwa mzalendo au hakuwa? Bendera alikuwa nayo, kubwa kuliko beji zote. Angepasi ukaguzi wa asubuhi bila tatizo. Kilichowaudhi wakubwa ni kwamba aliivaa kama mtu anayemshikilia mdeni hati ya deni, wakati wao wameizoea kama pambo. Ukitaka watu wote waivae, ukubali pia kwamba wataivaa wakija kukudai.

Nitaambiwa, mbona askari na wanamichezo wana bendera kwenye sare na hatulalamiki? Kweli, na sioni shida. Bendera ya sare inaeleza huyu anamwakilisha nani. Mwanariadha haulizwi anaipenda nchi kiasi gani, anatambulishwa tu ametoka wapi. Beji ya mwenzangu inataka kwenda mbali zaidi, iingie kifuani ipime kilichomo, na kazi hiyo pini haiwezi.

Tena tunajua mambo haya yakiachiwa huishia wapi. Mwaka 1940 Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu shule kuwalazimisha watoto wa Mashahidi wa Yehova kupigia bendera saluti. Baada ya hapo waumini hao walipigwa na makundi ya raia sehemu mbalimbali za nchi, na wapigaji walijiita watetezi wa bendera. Miaka mitatu baadaye, Juni 14, 1943, katikati ya vita kuu, mahakama hiyo hiyo ilijigeuza ikasema hakuna ofisa, mkubwa au mdogo, mwenye mamlaka ya kuwapangia raia waamini nini. Hapo wanajeshi wao walikuwa wanafia ng'ambo chini ya bendera hiyo, na bado majaji waliona haihitaji saluti ya mtoto aliyelazimishwa.

Nimewahi kukaa kwenye kikao kimoja, sitasema wapi, ambapo mwenyekiti aliwataja kwa majina wasiokuwa na beji. Wiki iliyofuata tulikuwa nazo wote. Ajenda ilikuwa ni fedha za mradi ambazo hazikuonekana, na zilibaki hazionekani. Taifa lilikuwa limevikwa kilemba cha ukoka, tukapiga makofi tukaenda kunywa chai.

Kwa hiyo ninaomba mwenzangu, akirudi tena kwenye ukurasa huu, atueleze nani atakuwa anakagua makoti kila asubuhi, atamwandikia nani ripoti, na aliyebadilisha shati akasahau beji atafanywa nini. Yangu nitaendelea kuivaa siku nikijisikia.

Msomaji wako