Tusilaumu valvu kwa mvumo wa amplifaya

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na mafundi wanaojijengea amplifaya za gitaa za valvu, yaani zinazokuza sauti kwa mirija ya kioo. Amplifaya ikivuma, wengi hukimbilia kununua valvu mpya au kuongeza kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji) kubwa zaidi. Mara nyingi fedha hizo hupotea bure, maana kosa lilianza pale nyaya za ethi, zinazorudisha mkondo, zilipolehemiwa kwenye chasisi, yaani sanduku la bati, popote palipokuwa karibu.

Waya wa ethi hupitisha mkondo kama waya mwingine wowote, na una ukinzani, japo mdogo. Kapasita ya kwanza ya kuchuja, inayosawazisha umeme, haijazwi kwa utulivu. Hujazwa kwa mapigo mafupi makali ya mkondo, 100 kila sekunde penye umeme wa hezi 50. Mapigo hayo yakipita kwenye kipande cha waya au bati kinachotumiwa pia na valvu ya kwanza, volti ndogo inayozuka hapo hujiunga na sauti ya gitaa. Valvu hiyo ya kwanza, kwa kawaida ya aina ya ECC83, huikuza mara 50 au 60, hatua inayofuata ikaikuza tena, na spika ikakwaruza hata kama kila kifaa ni kizima.

Kwa hiyo waya wa kati wa transfoma ya umeme, au upande hasi wa daraja la dayodi, uende moja kwa moja kwenye mguu hasi wa kapasita ya kwanza bila kugusa chasisi njiani. Kathodi (ncha hasi) za valvu za nguvu, zile zinazoendesha spika, zirudi hapohapo. Kutoka hapo, waya mmoja mnene uelekee kapasita ya pili, kisha ya tatu, hadi jeki ya gitaa, na kila hatua irudishe ethi yake kwenye kapasita inayoilisha. Waya huo uunganishwe na chasisi mahali pamoja tu, karibu na jeki ya gitaa. Jeki zenye shingo ya chuma huvuruga mpango huu kimyakimya, kwa kuwa zikikazwa zinagusa chasisi zenyewe. Tumia za plastiki, ya spika ikiwemo.

Ethi ya usalama isichanganywe na hayo. Waya wa kijani na njano wa kebo ya umeme ufungwe kwa boliti yake peke yake karibu na uingiliapo, rangi ya chasisi ikwanguliwe, iwekwe washa ya meno, nati ikazwe. Usitumie boliti ya transfoma. Uache waya huo mrefu kuliko wenzake, ili kebo ikivutwa uwe wa mwisho kukatika. Nasihi sana: asiwepo wa kuukata ili kupunguza mvumo. Nyuzi za gitaa zimeungana na chasisi, na hitilafu ndani ya transfoma itamfikia mpigaji mkononi.

Kuhusu mpangilio, transfoma ya spika ikae mbali na ya umeme, viini vyao vikitazama pande tofauti kwa nyuzi 90. Kabla ya kutoboa bati, unganisha hedifoni kwenye upande wa spika wa transfoma hiyo, washa ile ya umeme peke yake ncha zake zikiwa zimefunikwa, kisha geuza na kusogeza hadi mvumo ufifie. Hapo ndipo pa kutoboa.

Nyaya za hita, zinazopasha valvu moto, za volti 6.3 zisokotwe kwa kubana na zilazwe kwenye kona ya chasisi. Kama hazina waya wa kati, weka rezista mbili za omu 100, moja kutoka kila upande hadi ethi. Hita zikiachwa zikielea bila rejeo, mvumo ni wa uhakika.

Rezista ya kiloomu 68 ya gridi, yaani ncha ya valvu inayopokea sauti, ilehemiwe kwenye mguu wa soketi wenyewe, ncha yake ikikatwa ibaki milimita chache, kwa sababu kipande kirefu baada ya rezista hunasa redio. Waya wa ngao (uliozungushiwa suka la chuma) unaotoka kwenye jeki ufungwe ethi upande mmoja tu. Nyaya za anodi (ncha inayotoa sauti iliyokuzwa) na za gridi zikilazimika kukutana, zivukane kwa pembe mraba; zikienda sambamba amplifaya hupiga mluzi. Ikipiga mluzi mara tu unapounganisha waya wa mrejesho, unaorudisha sehemu ya sauti kutoka kwenye spika hadi hatua za mwanzo, badilishana nyaya mbili za anodi za transfoma ya spika.

Mvumo ukibaki, zungusha kitasa cha sauti. Ukibadilika nacho, unaingia kabla ya kitasa. Usipobadilika, tafuta kwenye kapasita na valvu za nguvu. Kabla ya kutia mkono, chomoa plagi, mwaga chaji ya kila kapasita kupitia rezista ya kiloomu 10 ya wati 5, kisha pima kwa multimita mpaka isome karibu na sifuri. Rezista ya kudumu ya kiloomu 220, wati 2, iliyolehemiwa sambamba na kapasita ya kwanza ya mikrofaradi 47, huishusha ndani ya dakika moja hivi, lakini nayo huweza kukatika, kwa hiyo pima hata ukiwa nayo.

Fundi wa amplifaya za valvu