Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka Tuliojifunza Jina la Ghuba

Ndugu wanachama,

Awali ya yote, poleni kwa misiba miwili iliyotufika mwaka huu, na ahsanteni kwa rambirambi mlizotoa. Hesabu atazisoma mhazini. Mimi na tarakimu hatujapatana tangu shuleni. Ukumbi tunao kwa mwaka mwingine, na kodi haijapanda.

Nitakalokaa nalo ni darasa la Jumamosi la Kidena'ina, lugha ya wenyeji wa mji huu wa Anchorage, Alaska, maana ndilo lililozua maneno. Mtakumbuka mkutano mkuu uliopita mzee wetu mmoja wa Uvira alivyouliza: "Kila wiki tuko madukani pale Tikahtnu Commons. Huyu Tikahtnu ni nani?" Kimya. Tumekaa Anchorage miaka, wengine tumezalia hapa, na hakuna aliyejua kwamba si mtu. Ni jina la ghuba iliyo mbele ya macho yetu, ambayo ramani huiita Cook Inlet, kwa Kidena'ina. Mwisho ule wa -tnu ni mto. Ukishaujua, unakufuata: Kahtnu ndio mto Kenai, Chanshtnu ni kijito kinachopita humu humu mjini.

Sauti zilitutoa jasho. Neno la samaki, łiq'a, lina mitihani miwili. Ile ł huitamki kama l: unaweka ulimi pa l, kisha unapuliza hewa pembeni bila sauti ya koo. Nayo q hutoka nyuma kabisa, kwenye kilimi. Hapo ndugu zetu wa Mombasa na Unguja walitamba, kwa kuwa chuoni walikwisha chapwa juu ya qafu, herufi ya Kiarabu. Ritifaa inayofuata, yaani alama ya ', ndiyo iliyowanyamazisha: koo linafungwa, konsonanti inapasuka kama kijiti kikavu.

Ritifaa hiyo hiyo ilitutia aibu kwenye "asante" yao, chin'an. Sisi na ng'ombe wetu tuliisoma kama ng', kumbe ni koo kukatika kidogo tu kabla ya a. Yaghali, yaani "ni nzuri", ilikuwa rahisi, ila mama mmoja alisisitiza kwamba chenye ghali ndani yake hakiwezi kuwa habari njema.

Kosa la kadi za maneno za darasa ni langu. Niliidhinisha zichapwe kwa l ya kawaida kwa sababu simu yangu haina ł. Kwa Kidena'ina hizo ni herufi mbili mbalimbali.

Lahaja nazo zipo. Ziwa la Eklutna ni Idlu Bena, ila kwa watu wa bara Ziwa Clark ni Qizhjeh Vena: b ya huku ni v ya kule. Sisi tunaobishana kila kikao kati ya mtoto na mutoto hatukushangaa. Tulichoshangaa ni chay. Waliipata kwa Warusi, nasi chai yetu ilipita njia ya Bahari ya Hindi, lakini asili ni moja, China. Vitenzi, vinavyobadilika kwa umbo la kitu unachokishika, tuliviacha; ngeli zetu zinatutosha.

Wanaoimudu lugha hii tangu utotoni wamebaki wachache, na ni wazee. Shuleni watoto waliadhibiwa kwa kuisema. Alfabeti tunayoitumia ni ya juzi tu, miaka ya 1970. Peter Kalifornsky wa Kenai, aliyezaliwa 1911, alianza kuiandika akiwa amekwisha vuka sitini, na hadi kufariki 1993 alikuwa ameandika hadithi kwa lahaja yake. Mwaka 2014 sheria ya Alaska iliitaja miongoni mwa lugha 20 rasmi za wenyeji. Heshima hiyo ni njema, lakini sheria haimwimbii mtoto alale.

Kamati inaomba darasa liendelee, na mwalimu alipwe nauli. Kwa mwaka mzima amekuja kwa mafuta yake mwenyewe, jambo ambalo mimi kama mwenyekiti sikupaswa kuliacha. Tutalipigia kura leo.

Kadi zilizosahihishwa ziko kwa katibu. Za zamani zirudisheni, tafadhali, hasa zile zilizobandikwa kwenye friji.