Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Pesa za Serikali na Mashua Zetu

Wazee wa mwalo, kina mama wa mukene (dagaa), mabaria wa mashua zetu na wanachama wote, hamjambo.

Mwaka jana mlinituma nikaiombe serikali yetu ya Uganda mambo mawili: mkopo wa injini na nafuu ya petroli. Nilikwenda. Nimerudi na majibu nusunusu, pamoja na rai ambayo najua haitawapendeza wote. Hesabu za chama atazisoma mweka hazina baada ya chai, kwa hiyo mimi nitakaa kwenye suala hili moja.

Nianze na PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi (eneo dogo la utawala), maana ndiyo tunayoulizwa kila siku. Ilizinduliwa Februari 2022; kila parishi hutengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na familia hukopa milioni moja kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Samaki wamo kwenye orodha ya mazao yake. Lakini mashua inayokubalika kisheria haipungui futi 28. Ukitaka mbao, injini na nyavu kwa pamoja, milioni moja inaishia kwa fundi kabla hujagusa maji. Tatizo la pili ni kubwa zaidi. Mkopo unapitia SACCO, yaani chama cha akiba na mikopo, cha parishi unakoishi, na baria huishi anakopita samaki. Leo yuko mwalo wa Majanji, mwezi ujao yuko kisiwani. Kijana wetu mmoja aliambiwa jina lake halijulikani pale alipozaliwa wala pale anapolala. Aliponisimulia alicheka, mimi nikashindwa kucheka.

Waliofaidika ni kina mama. Mwanachama wetu mmoja alichukua milioni yake akajenga vichanja vya kuanikia mukene, na mvua za Aprili zilipofika mzigo wake haukuoza mchangani kama wa majirani. Nitamrudia.

Emyooga, mpango wa serikali wa mitaji kwa makundi ya kazi, haitanichukua muda. Ilianza 2019, wavuvi tukawa miongoni mwa makundi 18, SACCO ya wavuvi ikapewa shilingi milioni 30. Hizo ni za jimbo zima la uchaguzi. Gawanyeni wenyewe.

Kuna mlango ambao wengi wetu hatujaubisha: mfuko wa mikopo ya kilimo unaosimamiwa na Benki Kuu ya Uganda tangu 2009. Serikali inaweka nusu, benki ya biashara nusu, na riba haizidi asilimia 12 kwa mwaka. Miaka yote tumeuona ni wa wenye mashamba na viwanda, kwa sababu benki hudai hati ya ardhi, na sisi mali yetu inaelea. Siku hizi kuna fungu dogo, hadi shilingi milioni 20, ambalo halidai hati. Wanaangalia mtiririko wa biashara yako na tabia yako ya kulipa. Nani kati yetu ana daftari la mauzo ya miezi sita? Nimeuliza kwenye kamati, mikono ikabaki mapajani, wangu ukiwemo.

Sasa rai yangu. Mwaka jana nilisimama hapa hapa nikapigia debe nafuu ya petroli. Nimebadili mawazo.

Najua mtaniambia habari za Tanzania, kwamba Januari 2024 serikali yao ilikabidhi boti na vizimba vya kufugia samaki pale Mwanza kwa mkopo usio na riba. Ni kweli, na vizimba ningevipokea hata kesho. Lakini ziwa ni hili hili moja, Victoria. Kitu pekee kinachomrudisha mvuvi nchi kavu samaki wanapoadimika ni bei ya petroli. Serikali ikimlipia, atazidi kwenda, atatupa nyavu palepale, na atavua mputa (sangara) ambao bado hawajazaa. Tumeshafika huko. Ndiyo sababu kamati za BMU, zile za usimamizi wa mialo, zilisimamishwa 2015 na askari wakaletwa ziwani 2017. Hiyo nayo ilikuwa pesa ya serikali kwa uvuvi, ila ilikuja imevaa buti. Mputa wakubwa walianza kuonekana tena. Gharama yake sina haja ya kuisimulia mbele ya waliopoteza mashua.

Wapo waliosema serikali imefungwa mikono na Shirika la Biashara Duniani. Sivyo. Mkataba wa ruzuku za uvuvi uliokubaliwa Geneva Juni 2022, ulioanza kutumika Septemba 2025, unahusu bahari. Uvuvi wa maziwa na mito na ufugaji wa samaki umewekwa kando waziwazi. Kwa hiyo tukiharibu ziwa kwa petroli ya bure, hatutakuwa na wa kumsingizia.

Ninachotaka tuombe ni kile alichofanya yule mama wa vichanja. Mukene anayeanikwa mchangani huuzwa chakula cha kuku. Aliyekauka juu ya kichanja, bila mchanga, huliwa na watu na bei yake ni nyingine kabisa. Samaki ni yule yule, ziwani hakuongezwa wavu hata mmoja. Vivyo hivyo barafu: mputa akifika mwaloni amelegea, mnunuzi wa kiwanda ndiye anayetaja bei na wewe unaitikia. Tuombe vichanja, barafu, mizani isiyodanganya, na jaketi okozi kwa kila baria. Na vijengwe juu kidogo, jamani. Mei 2020 maji yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, na wote mnakumbuka tulikokuwa tunauzia samaki.

Kamati imegawanyika. Katibu bado anataka injini, na hoja yake ina uzito: mashua ya kasia ikikutwa na dhoruba haifiki. Kwa hiyo yatapigwa kura maombi mawili, la kwake na la kwangu, na litakaloshinda nitalipeleka wilayani mwenyewe, hata likiwa la kwake.

Madaftari ya mauzo yako mezani kwa mweka hazina. Kila mwenye mashua na kila mama wa mukene achukue moja kabla ya kutoka.