Dawa ya nagana ipimwe kwa uzito, si kwa macho

Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee wafugaji wenzangu wa huku mbugani, kwenye mbung'o wengi. Mwezi uliopita nimepoteza mtamba kwa nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o, na dawa nilikuwa nimemchoma. Dukani niliuziwa unga uliokwisha kufunguliwa, umefungwa kwenye kinailoni, nikaambiwa unamtosha. Haukumtosha. Siku ya nane nilimkuta kivulini, manyoya yamesimama, ufizi mweupe kama karatasi, hata majani mabichi ameyageuzia kichwa.

Diminazini, dawa ya nagana, hutolewa miligramu 3.5 kwa kila kilo ya mnyama. Ile pakiti ndogo tuliyoizoea, ya unga wa gramu 2.36 ambamo diminazini yenyewe ni gramu 1.05, ni ya ng'ombe mmoja wa kilo 300. Sisi tunaigawa kwa watatu kwa sababu fedha ni kidogo. Vimelea dhaifu hufa, sugu hubaki wakazaliana, na baada ya muda dawa inakuwa kama maji tu.

Mizani ya ng'ombe huku hatuna. Lakini utepe wa kupimia kifua hukadiria uzito vizuri na si ghali. Halmashauri ziuweke kila josho na kila mnada. Maelezo ya kwenye pakiti yaandikwe kwa Kiswahili. Zaidi ya yote, afisa mifugo wetu apewe pikipiki na mafuta. Anahudumia vijiji vinne kwa miguu, na akifika kwangu ng'ombe huwa ameshalala chini.

Mfugaji,
Simanjiro, Manyara