Barua kwa Zuhura: jicho la Mzee na nyota zinazometameta

Rochester, New York
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mpendwa Zuhura,

Natumaini hujambo, na wanao hawajambo. Mimi sijambo, ila baridi imeshaingia huku na mikono imekuwa ya kuficha mifukoni. Kabla hujaendelea kusoma, mpelekee Mzee shikamoo yangu, maana sehemu kubwa ya barua hii ni yake.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema walimkalisha Mzee mbele ya mashine, wakamwambia aweke kidevu hapa na paji la uso pale, atazame nukta ya kijani, na punde tu kazi ikawa imekwisha. Kisha daktari akawaonyesha picha kwenye kompyuta, tabaka juu ya tabaka kama chapati iliyokatwa kwa kisu, na katikati yake vishimo vyeusi. Akasema ni maji yaliyojikusanya kwa sababu ya kisukari. Ukaniuliza mawili: mashine iliona vipi ndani ya jicho bila kukata, na mimi ninayesomea mwanga wa nyota, kazi yangu inamfaa nini mtu kama Mzee? La pili lilinigusa. Nimekaa nalo wiki nzima, na sasa naweza kukujibu bila kubabaika: ni kazi ileile.

Nianze na mashine ya Mzee. Inafanya kama mtu anayepiga kelele kwenye kisima akasikiliza mwangwi ili ajue kina chake, ila badala ya sauti inatumia mwanga. Shida ni kwamba mwanga unakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, na matabaka ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ni membamba kuliko unywele, kwa hiyo hakuna saa inayoweza kupima mwangwi huo. Ndipo inapokuja hila. Unakumbuka tulivyokaa ukingoni Pangani tukitazama ngalawa mbili zikipishana? Mawimbi yake yakikutana kilele kwa kilele, maji yanapanda. Yakikutana kilele na bonde, maji yanatulia. Mwanga nao ni mawimbi. Mashine inaugawa mara mbili, sehemu moja inakwenda jichoni kwa Mzee, nyingine kwenye kioo, kisha zinarudi na kukutanishwa. Namna zinavyoongezana na kufutana ndiyo inayosema mwanga umerudi kutoka kina kipi, kwa usahihi wa maikromita chache, yaani vipande vichache vya milimita iliyogawanywa mara elfu.

Hila hiyo haikuzaliwa hospitalini. Albert Michelson aliunda kifaa cha kugawa mwanga hivyo katika karne ya 19. Desemba 1920, juu ya Mlima Wilson huko California, yeye na Francis Pease walikuwa wamefunga vioo kwenye boriti ya chuma ya mita 6 hivi, juu ya darubini kubwa kuliko zote za wakati ule, na kwa kukutanisha mwanga kutoka ncha mbili za boriti wakapima upana wa Betelgeuse. Ilikuwa mara ya kwanza kwa binadamu kupima upana wa nyota iliyo mbali kuliko Jua. Utaiona Desemba hii usiku, ile nyekundu katika kundi la Jabari. Miaka 71 baadaye, mwaka 1991, kundi la James Fujimoto wa MIT, chuo cha teknolojia hapa Marekani, likatangaza mashine ya kukata picha za jicho kwa njia hiyo ya mawimbi kukutana. Mmoja wao, David Huang, alikuwa bado mwanafunzi. Mwingine, Eric Swanson, alikuwa akishughulikia mawasiliano ya leza baina ya setelaiti. Nikiwafikiria hao nafikiria vile vishimo vyeusi vya Mzee, ambavyo daktari wa zamani, hata awe hodari vipi, asingeweza kuviona kutoka ubavuni.

Sasa hii inayofuata ndiyo ninayoipenda zaidi, na wewe umo ndani yake.

Unakumbuka tulivyobishana barazani kwa Bibi? Wewe ulidai Zuhura, sayari ya jina lako, ni bora kuliko nyota zote kwa sababu yenyewe imetulia na nyota zinapepesa. Ulikuwa umeona sawasawa. Nyota iko mbali mno, kwetu ni nukta tupu, na hewa inayochezacheza juu yetu inaisukuma nukta hiyo huku na huku, kama joto la lami ya mchana linavyotetemesha gari linalokuja. Zuhura iko karibu, ina upana wake, mitetemo yake inafidiana. Kwako wewe mpepeso ule ni pambo. Kwa mwenye darubini ni maumivu: ajenge kioo kipana namna gani, hewa itamvurugia picha.

Mwaka 1953 mtaalamu wa nyota Horace Babcock alipendekeza dawa. Pima jinsi hewa ilivyoupinda mwanga, kisha kunja kioo upande wa pili kwa kiasi kilekile, ili kasoro mbili zifutane. Teknolojia ya wakati wake haikuweza. Leo kule Paranal, Chile, kuna darubini yenye kioo cha mita 8.2, na kioo chake cha pili ni chembamba, kina visukumio 1,170 mgongoni vinavyokikunja hadi mara elfu moja kwa sekunde. Pasipo na nyota angavu ya kupimia, wanarusha leza za rangi ya chungwa hadi kilomita 90 juu, kwenye tabaka la sodiamu, wanajiwashia nyota yao.

Je, mpindo wa mwanga unapimwaje? Hapa fuata kwa makini. Mwaka 1619 Christoph Scheiner, padri Mjesuiti na mchunguzi wa madoa ya Jua, aliandika kitabu kuhusu jicho. Alionyesha kwamba ukitazama kitu kupitia matundu mawili madogo, jicho lisipokilenga sawasawa utaona viwili. Karibu miaka 300 baadaye, kule Potsdam, Ujerumani, Johannes Hartmann akaweka ubao wenye matundu mengi mbele ya darubini iliyokuwa na kasoro, akasoma ugonjwa wake kwa jinsi nukta zilivyopotoka. Mwaka 1971 Roland Shack wa Arizona akaweka vilenzi vidogo mahali pa matundu, kwa sababu jeshi la Marekani lilitaka kuziona setelaiti vizuri kutoka ardhini. Kisha huko Heidelberg, Josef Bille na mwanafunzi wake Junzhong Liang wakakichukua kipimo hicho cha darubini wakakirudisha kwenye jicho la mtu. Kilitoka jichoni, kikazunguka mbinguni, kikarudi jichoni!

Liang akaja hapa Rochester kwa David Williams, na mwaka 1997 wakaonyesha matokeo. Lenzi ya jicho na konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, huupinda mwanga kama hewa inavyoupinda wa nyota. Ndiyo maana kamera ya kawaida ya macho haipati picha safi ya chembe ndogo zilizo nyuma ya jicho. Wao wakaweka kioo chenye visukumio 37, wakaondoa ukungu huo, na wakaziona koni, seli zinazopokea rangi, mojamoja, ndani ya jicho la mtu aliye hai. Mwaka 1999 Williams na Austin Roorda wakalinganisha wanaume wawili wenye macho mazima. Mmoja alikuwa na koni za nyekundu karibu mara nne ya zile za kijani. Mwenzake zilikaribiana idadi. Wote wawili wanaona rangi kama watu wengine. Nilipolisoma hilo nilifunga kitabu nikatoka nje kutembea.

Mwezi uliopita nilijitolea nikakaa kwenye mashine ya namna hiyo. Unauma kipande cha plastiki ili kichwa kisicheze, unatazama mbele, unajitahidi usimeze mate. Kisha wakanionyesha. Zuhura, zimepangana kama mbegu za alizeti. Zile nilizotazamia bahari ya Pangani, zilizomtazama Bibi akitusukia nywele, zote zimo pale. Nililia kidogo, na sioni aibu kukwambia.

Mashine ya Mzee haina kioo hicho cha kujikunja. Kinatumika zaidi maabara, na watafiti wanataka kijue seli zinakufa wapi mapema, kabla mgonjwa hajahisi lolote. Ndiyo kazi ninayotaka kuifanya. Inaniuma kwamba mgonjwa wa kisukari anaweza kukaa miaka akiona vizuri huku retina inaharibika kimya, na kwamba Mzee alipimwa macho baada ya giza kuanza kumwingia. Tafadhali, tarehe ya kurudi hospitali asiikose hata moja, hata akisema anaona vizuri. Na wewe na kaka zako mpime sukari, kwa kuwa ugonjwa huu hufuata ukoo.

Nina ombi kwa wanao. Watoboe karatasi ngumu kwa pini, matundu mawili kando kwa kando, moja kushoto na moja kulia, umbali wa milimita 2 tu. Waiweke karatasi karibu kabisa na jicho, wafumbe la pili, watazame sindano iliyosimamishwa wima mbele ya dirisha, umbali wa mkono. Kwanza wautazame mnazi wa mbali kupitia matundu, kisha waitazame sindano yenyewe. Niandikie waliona sindano ngapi kila mara, na hasa yule mdogo anayekaa mbele darasani. Asiyeweza kuifanya iwe moja, mpeleke akapimwe macho.

Picha ya jicho la Mzee nitumie, nitaisoma naye kwenye simu Jumamosi jioni ya huko.

Ni mimi nduguyo,
Mwanaidi