Jumamosi makumbushoni: tuanze na mlembe

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi tukutane langoni, Makumbusho ya Taifa Nairobi, saa tatu asubuhi. Ukumbini msikimbilie ndege wakubwa tu. Nawaomba sana tumtafute mlembe, yule mdogo asiye na rangi za kuvutia. Ndiye anayemwita binadamu kwa sauti na kumwongoza hadi penye asali! Mwaka 1989 Hussein Isack, mtafiti wa makumbusho yetu, na Heinz-Ulrich Reyer walionyesha kwamba Waborana, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya, wakiwa ugenini walitafuta nyuki kwa wastani wa saa 8.9 bila mlembe, na saa 3.2 wakiongozwa naye.

Ndege waliokaushwa hawaimbi, kwa hiyo wenye rekodi za sauti njooni nazo kwenye simu. Watoto karibuni. Wanafunzi, vitambulisho tafadhali.