Askari wastaafu hawakuanzia kwenye pombe

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma tangu nilipoanza ualimu, na siku zote hizo sijakuandikia hata mstari. Leo nimeshindwa kunyamaza kwa ile habari yenu ya askari wastaafu wa huku magharibi, ile yenye picha ya mzee ameinamia meza ya kilabuni. Mwandishi wenu anasema wastaafu hawa wanakunywa kiinua mgongo mpaka kinakauka, na kwamba wanachokosa ni elimu ya fedha. Yule mzee pichani ana watoto na wakwe. Kama mlimwomba ruhusa, semeni.

Mimi ni mke wa askari mstaafu, stafu sajenti, na elimu ya fedha aliipata. Karibu na kustaafu walipelekwa semina. Niliona daftari lake aliporudi: ufugaji wa kuku, bwawa la samaki, hati fungani, kuandika wosia, namna ya kuwakwepa matapeli wanaonusa mafao ya watu. Yote mema. Lakini katika daftari zima hapakuwa na mahali mtu aliyebeba bunduki maisha yake yote ya utu uzima anaulizwa usiku analalaje.

Mwandishi angeanza kwa kuuliza kazi yenyewe ilikuwa ipi. Mzee wangu alikuwa Kibondo wakati Warundi walipomiminika baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993. Baadaye akapangwa kusindikiza mabasi kwenye mapori ya Kibondo na Kakonko, enzi zile basi halipiti bila askari mwenye silaha, na wasomaji wa rika langu wanakumbuka jinsi abiria walivyokuwa wakinyamaza ghafla gari likiingia porini. Mwaka 2015 ikaja Kagunga. Kijiji kile hakikuwa na barabara. Nyuma mlima, mbele ziwa, na katikati makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi wamelala ufukweni, kipindupindu kimewaingia, meli ya MV Liemba inakwenda na kurudi kuwaleta Kigoma mjini. Dunia nzima iliona picha. Lakini waliozuia foleni isivunjike, waliosimama na mama asiyetaka kuachia maiti ya mwanawe, walikuwa askari wa kawaida, na walipotoka pale walirudi lindoni kana kwamba hakuna kilichotokea. Hakuna mtu aliyewakalisha chini akawauliza, jamani, mmeona nini?

Binti yangu anasomea uuguzi, na ndiye aliyenionyesha kwamba jambo hili lina jina. Madaktari wa akili wa Marekani waliliingiza kwenye kitabu chao cha maradhi mwaka 1980. Huku wauguzi wanaliita msongo baada ya kiwewe. Tukio linamrudia mtu likiwa bichi, anakwepa kila kinachomkumbusha, na mwili unabaki macho hata pasipo hatari. Shirika la Afya Duniani, katika orodha inayotumika tangu Januari 2022, limetenga na aina nyingine, ya mtu ambaye hakuumizwa na tukio moja bali na mengi yaliyofuatana mahali asipoweza kuondoka. Niliposoma hapo nililia. Miaka yote mume wangu amekaa akiutazama mlango, hata kwenye harusi ya mwanawe. Ameamka usiku amenikamata mkono kama anavyokamatwa mhalifu, kisha akakaa ukingoni mwa kitanda mpaka kukapambazuka, anaona aibu kunitazama. Pombe ilikuja baada ya hayo, kwa kuwa ndiyo pekee iliyompa saa tatu za usingizi.

Nikueleze siku moja tu. Tulikuwa sokoni, tunachagua migebuka, msafara wa harusi ukapita na bodaboda zake. Vijana walikuwa wanazima swichi na kuwasha pikipiki ikiwa kwenye mwendo, ili bomba lilipue. Mlio ule na wa risasi ni mmoja. Mzee wangu alijitupa chini kifudifudi kati ya mafungu ya samaki, akanivuta na mimi nikaanguka, na alipoinua kichwa watu walikuwa wanacheka, na miongoni mwao wamo aliowahi kuwaweka mahabusu. Jioni nikampeleka kwenye kituo kimoja cha matibabu, sitakitaja. Nikaeleza mimi, maana yeye alishindwa kufungua mdomo. Tabibu hakuinua macho kwenye karatasi. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye benchi la nje, "Afande mzima unaogopa pikipiki?" Benchi likacheka. Akaandika diazepamu, dawa ya kutuliza na kulaza, akaita anayefuata. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013, linawaonya watabibu wasikimbilie dawa za jamii hiyo kwa mtu aliyepatwa na kiwewe, lakini hata kama dawa ingekuwa sahihi, Mhariri, ni nani aliyempa haki ya kumvua nguo mtu mzima mbele za watu? Ilichukua miaka mume wangu kukubali kukanyaga tena hospitali, na miaka hiyo aliimalizia kilabuni, mahali ambapo mpiga picha wa aina ya wenu angemkuta.

Na hao bodaboda hakuna anayewagusa. Kuanzia Mwanga mpaka Ujiji kila Jumamosi ni milipuko, wagonjwa wamelala, vichanga wanashtuka, nasi tunaambiwa ni shamrashamra. Leseni na kofia ngumu vinakaguliwa kila siku. Bomba lililotobolewa kwa makusudi linasikika kilomita nzima, linashindikana vipi kukamatwa?

Hatimaye tulimpata muuguzi wa afya ya akili mwenye subira. Alimsimulisha Kagunga tangu mwanzo mpaka mwisho, akamsimulisha tena wiki iliyofuata na nyingine, mpaka akaweza kuisema bila kutoka jasho. Hajapona kama apatavyo nafuu mgonjwa wa malaria. Bado hapendi mazishi. Lakini analala mpaka adhana ya alfajiri, na pombe hakuacha kwa kuhubiriwa, aliacha alipopata usingizi.

Bunge limehangaikia kikokotoo chetu, yaani sehemu ya mafao anayolipwa mstaafu kwa mkupuo, asilimia 33 mwaka 2022, kisha 40 kwa baadhi yetu kwenye bajeti ya 2024, na tunashukuru. Sasa mtu ahangaikie na usiku. Kwenye semina zile kipindi cha kuku kikatwe nusu, na nusu hiyo apewe muuguzi wa afya ya akili, asiye na cheo wala sare. Wenzi wetu tuingie, kwa sababu sisi ndio tunaojua kinachotokea saa nane za usiku. Maofisa wakae nje, kwa kuwa koplo hatasema mbele ya mkubwa wake. Na huko hospitalini, chumba cha huduma hii kisiwekewe kibao; kiwe jirani na kliniki ya presha, ili askari akionekana mlangoni watu wadhani kaja kupima presha. Habari za kuku bwana mifugo wa kata anaweza kutufundisha siku yoyote.

Mwalimu mstaafu,
Mwanga, Kigoma
(Jina limehifadhiwa)